Maikrofoni zisizo na waya zisitupotezee sauti za wazee

Siku hizi ni nadra kumkuta mwanafunzi wa isimu akielekea nyanjani bila kisanduku kidogo cha maikrofoni isiyo na waya mkobani mwake. Vifaa hivi, ambavyo hapo zamani vilikuwa mali ya vituo vya televisheni na watengenezaji wakubwa wa filamu, sasa vinapatikana madukani, na hata shule zinazotayarisha filamu kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama na filamu huvitumia. Ni maendeleo ya kufurahisha. Hata hivyo, kuna swali ambalo walimu na wanafunzi wa lugha hawaliulizi kwa uzito unaostahili: je, kifaa hiki huifanyia nini sauti ya msemaji kabla ya kuifikisha masikioni mwetu?

Swali hili si la mafundi mitambo peke yao. Kwa mwandishi wa habari, maneno yakisikika na kueleweka, kazi imekwisha. Kwa mwanaisimu, hapo ndipo kazi inapoanza. Yeye hatafuti maneno tu. Anatafuta mpumuo unaofuata kipasuo, mkwaruzo wa hewa kati ya meno, kupanda na kushuka kwa kidatu. Sauti iliyorekodiwa ndiyo ushahidi wake, na ushahidi uliotiwa doa njiani hautakasiki maabarani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba tunapochagua transmita za maikrofoni, tuzihukumu kwa jinsi zinavyotunza sauti za lugha zetu, wala si kwa wepesi, umaarufu au bei. Nashikilia pia kwamba katika rekodi yoyote inayokusudiwa kuhifadhiwa, mawimbi ya redio yatumike kusikilizia tu, huku rekodi yenyewe ikifanywa pale pale alipo msemaji.

Ili hoja yangu ieleweke, hatuna budi kuifuata sauti katika safari yake. Maikrofoni ndogo inayobanwa kwenye nguo huigeuza sauti kuwa umeme. Transmita iliyo kiunoni mwa msemaji huupakia umeme huo juu ya mawimbi ya redio. Kipokezi kilicho mkononi mwa mtafiti huyadaka mawimbi hayo na kuyarudisha kuwa umeme, kisha kinasa sauti huhifadhi. Palipo na waya, vituo viwili vya katikati havipo. Kila kituo kinachoongezwa ni mahali pengine ambapo sauti yaweza kubadilishwa.

Transmita za analojia, ambazo bado zinatumika kwa wingi, zina tatizo la kuzaliwa nalo. Tofauti kati ya mnong'ono na ukelele ni kubwa kuliko inavyoweza kubebwa na njia nyembamba ya redio bila vuvumo la mawimbi kusikika. Mafundi walilikabili jambo hili kwa ujanja: transmita huibana sauti kwa uwiano wa mbili kwa moja, na kipokezi huipanua tena kwa kiasi kile kile. Tofauti ya desibeli 80 husafirishwa kama desibeli 40, kisha hurudishwa kuwa 80. Mfumo unaofanya kazi hii huitwa kompanda. Katika mazungumzo ya kawaida hufanya kazi vizuri, na msikilizaji hatambui lolote.

Lakini kompanda haiwezi kuupima ukubwa wa sauti kabla sauti haijafika. Huhitaji muda, hata kama ni milisekunde chache, ili kupima na kubana, na muda mrefu zaidi ili kuachilia. Sauti fupi na kali huipita kabla haijajiandaa. Sauti ikikoma ghafla, vuvumo la redio huinuka na kuzama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu anayehema. Isitoshe, masafa ya juu hukuzwa kabla ya kurushwa na kupunguzwa baada ya kupokelewa, ili kulifunika vuvumo hilo. Ndiyo sababu sauti kama s na sh, ambazo sehemu kubwa ya nguvu zake iko katika masafa ya juu, hufikia kikomo upesi na kusikika zikiwa zimechubuka.

Wataalamu wa kurekodi sauti za filamu wana jaribio rahisi la kuufichua udhaifu huu. Hutikisa tita la funguo karibu na maikrofoni, kwanza wakiwa wametumia waya, kisha wakiwa wametumia transmita. Mlio wa funguo una masafa mengi ya juu, na kila mgongano ni mfupi mno. Kwa waya, kila ufunguo husikika ukigonga mwenzake. Kwa transmita yenye kompanda hafifu, mlio huo hugeuka mchakacho mmoja usio na umbo, kama changarawe inayomwagwa. Jaribio hili halihitaji maabara wala ruzuku. Linaweza kufanywa darasani kwa dakika tano.

Mwanafunzi aweza kusema kwamba sisi hatuendi nyanjani kurekodi funguo. Ni kweli, lakini tunakwenda kurekodi sauti zenye umbo lile lile. Tuchukue mfano wa Kidahalo, lugha ya Kikushi inayozungumzwa katika maeneo ya Lamu na Tana River. Lugha hii ina vidoko, yaani zile sauti za kudokoa kwa ulimi ambazo wengi hudhani zinapatikana kusini mwa Afrika na kwa Wasandawe na Wahadza wa Tanzania tu. Inazo pia sauti zinazofyatuliwa kwa hewa iliyofungiwa kooni. Ian Maddieson, Peter Ladefoged na wenzao walizieleza sauti hizo mwaka 1993, na mpangilio wake wawashangaza wanafonetiki hadi leo. Kidoko ni mpasuko wa ghafla unaoanza na kuisha kabla mtu hajapepesa jicho. Ni funguo hasa! Wazungumzaji wa Kidahalo wamebaki wachache. Mtafiti akiwarekodi kwa transmita inayoviponda vidoko vyao, yamkini hatatokea mwingine wa kuirudia kazi hiyo.

Wala si lazima twende mbali na Kiswahili chenyewe. Wenyeji wa Mombasa na Lamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo: neno la kwanza halina, la pili linao. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana kwa njia hiyo hiyo. Tahajia yetu sanifu haiuonyeshi mpumuo huo, kwa hivyo sikio na rekodi ndivyo mashahidi pekee. Mpumuo wenyewe ni pumzi hafifu isiyofikia hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, nayo hufuata papo hapo baada ya mpasuko wenye nguvu. Hapo ndipo kompanda inapokuwa katika pirikapirika za kubana na kuachilia. Mwanafunzi anayeupima mpumuo katika rekodi ya namna hiyo hana hakika kama anampima msemaji au anaipima mashine.

Sisemi kwamba kila utafiti huathirika kwa kiwango kimoja. Anayechunguza toni za Kikamba hana hofu kubwa, kwa maana kidatu hupita salama hata katika njia duni. Simu za kawaida zilijengwa kubeba masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado tunatambua kama anayezungumza anauliza au anaamuru. Vikwamizo ndivyo vinavyopotea. Ndiyo maana tunapotajiana majina kwa simu hulazimika kutaja herufi moja moja ili s isichukuliwe kuwa f. Basi jambo la kwanza ambalo mwalimu anapaswa kumuuliza mwanafunzi ni hili: unachunguza nini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni kifaa gani kinachofaa.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia ya dijitali imeyamaliza matatizo haya. Kwa sehemu wana haki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Lectrosonics ya Marekani ilianza kutengeneza transmita ambazo huigeuza sauti kuwa tarakimu kwanza, kisha huzisafirisha habari zake kwa mawimbi ya analojia bila kutumia kompanda. Baadaye zikaenea transmita za dijitali kamili. Funguo zikitikiswa mbele ya vifaa bora vya aina hizi, tofauti kati yake na waya huwa ndogo sana. Tatizo ni kwamba seti moja ya kitaalamu huuzwa kwa dola elfu kadhaa za Marekani, fedha ambazo idara nyingi za lugha hazina.

Seti za bei nafuu zinazopendwa na wanafunzi wetu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Masafa hayo humezwa kwa urahisi na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Msemaji akigeuka na kukipa kipokezi mgongo, mwili wake mwenyewe huwa ukuta. Umbali unaotangazwa na watengenezaji ni wa uwanja mtupu ambapo transmita na kipokezi vinaonana. Haupatikani katika vichochoro vya Mji wa Kale wala ndani ya nyumba yenye kuta za mawe ya matumbawe.

Hapa pana hatari ambayo vifaa vya analojia havikuwa nayo. Wimbi la analojia likidhoofika, husikika vuvumo na mikwaruzo, nawe unajua kwamba mambo yameharibika. Wimbi la dijitali likikatika, kipande cha usemi hutoweka kimyakimya, au hufunikwa na kiraka ambacho sikio halikitambui. Fikiria mzee anayeeleza habari za ardhi ya ukoo wake na kusema, "Hatutauza shamba." Silabi moja tu ikianguka njiani, mtafiti atarudi na rekodi inayosema, "Tutauza shamba." Sentensi ni sahihi kisarufi, sauti ni safi, na maana imepinduliwa. Katika lugha zetu, ambamo ukanushi, nafsi na wakati hubebwa na viambishi vya silabi moja, mkatiko wa sehemu ndogo ya sekunde si jambo la kupuuzwa.

Aidha, vifaa vingi vya kisasa huja na uwezo wa kuondoa kelele na wa kurekebisha ukubwa wa sauti vyenyewe. Kwa mtangazaji aliye kando ya barabara ya Thika, hiyo ni neema. Kwa mwanaisimu ni balaa. Kifaa hukisia kipi ni usemi na kipi ni kelele, na mpumuo, mnong'ono na vikwamizo hufanana mno na kelele. Hakuna mtafiti awezaye kuapa kwamba mashine hiyo itakitambua kidoko cha Kidahalo kuwa ni konsonanti. Urekebishaji wa ukubwa nao hufuta tofauti ya nguvu kati ya silabi yenye shadda na isiyo na shadda. Uwezo huo uzimwe kabla ya neno la kwanza kutamkwa.

Je, basi turudi kwenye waya? Kuna hoja nzito dhidi ya kurudi huko. William Labov alitukumbusha kwamba lengo la mtafiti ni kusikia jinsi watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, ilhali njia pekee ya kusikia ni kuchunguza. Bibi aliyefungwa kwa waya kwenye meza hukaa wima na kuongea kama aliye mbele ya hakimu. Akiachwa huru achambue mchicha au apepete mchele, lugha humtoka kama maji. Uhuru huo ni wa thamani, ingawa una masharti yake ya kimaadili: mtu akisahau kwamba amevaa transmita huenda akaingia chumbani na kuzungumza mambo ya siri, na kila neno likamfikia mtafiti aliye nje. Adabu yatutaka tumkumbushe, na tuzime pale inapostahili.

Kwa bahati njema, hatulazimiki tena kuchagua kati ya uhuru wa msemaji na ubora wa sauti. Kampuni ya Zaxcom ya Marekani ilitangulia kutia kinasa sauti ndani ya transmita yenyewe, na wazo hilo sasa limefika katika vifaa vya bei nafuu. Wireless GO ya kampuni ya Rode ya Australia, iliyotoka mwaka 2019, haikuwa nacho. Wireless GO II ya mwaka 2021 ikawa nacho. Wireless PRO ya mwaka 2023, na DJI Mic 2 ya mwaka 2024 kutoka Uchina, huweza kurekodi ndani kwa biti 32 za aina ambayo hustahimili sauti ya chini sana na ya juu sana bila kuharibika. Sauti huhifadhiwa kabla ya kuanza safari ya angani. Mawimbi yakikatika, kinachokatika ni kile anachokisikia mtafiti wakati huo. Rekodi yenyewe hubaki kamili.

Hata hivyo, kifaa cha namna hiyo si kinga ya kila uzembe. Baadhi yake huweza kuhifadhi sauti kwa kuibana ili kadi isijae upesi. Mtafiti achague faili isiyobanwa. Biti 32 haziwezi kurekebisha maikrofoni iliyofichwa chini ya buibui, wala iliyobanwa mahali ambapo kanga inaisugua. Kifua chenyewe huipunguzia sauti makali, kwa sababu masafa ya juu hutoka mdomoni kwenda mbele na hayapindi kwa wingi kuelekea chini. Upepo wa pwani nao huhitaji kifuniko cha manyoya, tena kizuri. Naye asiye na fedha za vifaa hivi asikate tamaa: maikrofoni ya waya iliyounganishwa na kinasa sauti kidogo kilichotiwa mfukoni mwa msemaji hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo, na haina wimbi la kukatika.

Idara au shule inayotaka kununua transmita isitegemee maneno ya muuzaji. Ifanye ulinganisho wake yenyewe, na kwa utaratibu unaoaminika. Maikrofoni ziwe za aina moja, zibanwe bega kwa bega kwenye nguo ya msemaji mmoja, na moja iunganishwe kwa waya ili iwe kipimo cha nyingine. Msemaji asome orodha ya maneno yenye sauti ngumu za lugha inayochunguzwa, anong'one, acheke, kisha anyamaze kwa nusu dakika ili vuvumo la kila kifaa lisikike. Funguo zitikiswe. Halafu atembee hatua hamsini, ageuke na kurudi. Kabla ya kusikiliza, ukubwa wa sauti za rekodi zote usawazishwe, kwa maana sikio la binadamu huidhania sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo bora. Wasikilizaji wasiambiwe ipi ni ipi. Jaribio hilo ni somo kamili la fonetiki na la mbinu za utafiti, nalo litawafundisha wanafunzi mengi kuliko mhadhara.

Mambo haya si anasa ya wasomi. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Zaidi ya miaka sitini baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii, na watu wakazisikia sauti za wazazi na majirani zao. Waliorekodi wakati ule hawakujua ni maswali gani yangeulizwa na vizazi vilivyofuata. Sisi pia hatujui. Huko Mukogodo, Laikipia, wanaokikumbuka Kiyaaku ni wazee wachache mno. Mtafiti anayekusanya msamiati leo huenda akaridhika na rekodi inayoeleweka tu, lakini atakayekuja kesho kuchunguza matamshi hatakuwa na mzee wa kumwendea. Atakuwa na rekodi hiyo tu.

Kwa hivyo nazisihi idara zetu za lugha ziweke masharti machache na kuyafuata. Pendekezo la utafiti wa nyanjani lieleze sauti itapitia wapi kutoka mdomoni mwa msemaji hadi kwenye faili. Rekodi za kuhifadhiwa zifanywe kwa waya au ndani ya transmita, katika faili zisizobanwa, zenye kilohezi 48 na biti 24 angalau, kiwango ambacho shirika la kimataifa la wahifadhi wa sauti na picha, IASA, limekipendekeza kuwa cha chini katika mwongozo wake wa kuhifadhi sauti. Aina ya maikrofoni na transmita iandikwe pamoja na jina la kijiji na tarehe, ili msomaji wa baadaye ajue ni kasoro gani za kutarajia. Nao wasimamizi wa tasnifu, kabla ya kusoma majedwali ya mwanafunzi, waombe kwanza kuisikia sauti yenyewe.